Pikapu za tani moja za zamani: kabla ya kuuliza nguvu, uliza injini inakufaje

Mwezi uliopita mteja wangu mmoja, mzee anayelima kahawa na migomba huko Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, alifika gereji kwangu Unga Limited, Arusha, akiwa na picha tatu kwenye simu. Ya kwanza ilikuwa Toyota Land Cruiser pikapu ya mwaka 1994, HZJ75 yenye injini ya 1HZ. Ya pili ilikuwa Land Rover Defender 110 ya mwaka 1996 yenye injini ya 300Tdi, na ya tatu Toyota Hilux LN106 yenye injini ya 3L. Baada ya shikamoo na chai aliniuliza swali ambalo huulizwa na karibu kila mnunuzi: "Fundi, zote hizi ni tani moja. Ipi ina nguvu?"

Nilimjibu kwamba gari likishafikisha umri huo, swali la nguvu linaweza kusubiri. Injini zote tatu zitaharibika siku moja, na tofauti kubwa kati yake ni namna zinavyoharibika: ipi hukuonya mapema, ipi hukata ghafla ukiwa mlimani na mzigo, na ipi ikishakata inaweza kufufuliwa kwa spea zinazopatikana mjini bila kuagiza nje. Makala haya ni majibu niliyompa mzee, nikiwa nimeyapanua kidogo.

Nianze na hilo neno tani moja. Tani moja ni mifuko 20 ya saruji ya kilo 50, na hesabu inaishia hapo. Pikapu nyingi zinazoletwa kwangu zikiwa zimevunja springi zilikuwa zimebebeshwa mifuko 35, au mchanga mbichi uliojazwa hadi ukingo wa bodi, wakati mita moja ya ujazo ya mchanga wa aina hiyo inakaribia tani mbili. Hapo ndipo ekseli ya nyuma inapoonyesha tofauti kati ya magari haya kabla hata hatujafungua boneti. Kwenye Land Cruiser 75 na Land Rover 110 uzito hubebwa na habu, yaani kitovu cha gurudumu, iliyokaa kwenye beringi mbili juu ya mrija wa ekseli, na shafti iliyo ndani kazi yake ni kuzungusha tairi tu; ikikatika, tairi hubaki mahali pake na gari linavutwa hadi nyumbani. Kwenye Hilux shafti ile ile inayozungusha tairi ndiyo inayobeba uzito, kwa hiyo ikikatika upande wa nje tairi linaweza kutoka nayo. Huna haja ya kulala chini ya gari ili kujua. Tazama katikati ya rimu ya nyuma: ukiona kitovu kilichochomoza chenye duara la bolti, shafti haibebi uzito.

Jambo la pili, ambalo watu wa Dar es Salaam hawana haja ya kulifikiria, ni kimo. Arusha mjini tuko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho hewa ina mgandamizo wa takriban asilimia 85 ya ule wa pwani. Ukipanda hadi ukingo wa kreta ya Ngorongoro, juu ya mita 2,200, umepoteza karibu robo. Injini ya dizeli isiyo na tabo, yaani feni ya kuisukumia hewa, huvuta hewa kwa nguvu zake yenyewe, na hewa ikiwa nyepesi huivuta ikiwa nyepesi hivyo hivyo, huku pampu ikiendelea kupeleka dizeli kama kawaida. Dizeli isiyopata hewa ya kutosha haiungui yote, na hiyo ndiyo asili ya ule moshi mweusi unaouona nyuma ya pikapu zinazopanda kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu. Injini yenye tabo husukumiwa hewa, kwa hiyo haisikii kimo kwa kiasi hicho.

Sasa tuje kwenye 1HZ, ambayo kwa Arusha na Moshi ndiyo injini ya rejea, upende usipende. Ni silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, sentimita za ujazo 4,164, haina tabo, na dizeli yake hunyunyizwa kwanza kwenye chumba kidogo ndani ya silinda hedi, yaani kifuniko kizito cha juu ya silinda, kabla moto haujashuka juu ya pistoni. Ilianza mwaka 1990, ikichukua nafasi ya injini ya zamani ya Toyota iitwayo 2H. Torki yake, yaani nguvu ya kuzungusha, ni Nm (nyutoni-mita) 285 kwenye mizunguko 2,200 kwa dakika, na ukubwa wake unaifanya ivute taratibu bila kulalamika. Faida yake kubwa kwa mkulima wa Kibosho, hata hivyo, haimo kwenye takwimu hizo. Injini hii ndiyo iliyomo kwenye mabasi madogo mengi ya Toyota Kosta yanayobeba abiria kati ya Moshi na Arusha, na ndiyo iliyomo kwenye Land Cruiser nyingi za watalii. Ringi, beringi, gasketi, pampu ya maji na hata silinda hedi nzima utavipata kabla ya saa sita mchana, na kijana aliyejifunza ufundi kwa miaka miwili tu tayari ameshaifungua mara kadhaa.

1HZ hufa kwa njia mbili. Ya kwanza ni mkanda wa taiming, ule unaoziendesha valvu zifunguke na kufunga kwa wakati wake. Ukikatika, valvu hugongana na pistoni na safari yako imeishia hapo. Mimi huubadilisha kila kilomita 100,000, pamoja na beringi yake ya kukazia, na huwa siiamini taa ya T-BELT iliyo kwenye dashibodi, kwa sababu taa hiyo inahesabu kilomita tu. Haijui kama sili ya mbele imekuwa ikivujisha oili juu ya mkanda, wala haijui kama mwenye gari wa awali aliizima bila kubadilisha kitu chochote. Nimefungua dashibodi na kukuta balbu yake imeng'olewa kabisa.

Njia ya pili ni silinda hedi kupasuka, na mara nyingi mhalifu ni mwenye gari aliyeongeza tabo. Naielewa tamaa hiyo. Ukishapandisha gari la watalii hadi kreta ukiwa na mizigo na wageni saba, tabo inaonekana kama dawa. Lakini injini hii ilitengenezwa na mgandamizo mkubwa ndani ya silinda, zaidi ya mara 22, na vile vyumba vidogo vya moto hupata joto kali ambalo hedi haikuandaliwa kulibeba kwa muda mrefu. Mwaka jana niliweka mezani hedi moja ya aina hiyo. Kwa macho ilikuwa safi. Tuliiosha, tukaipaka mafuta ya taa, tukayaacha yapenye, tukaipangusa hadi ikakauka, kisha tukapaka unga wa chaki juu yake na kusubiri. Baada ya dakika chache mafuta yaliyokuwa yamejificha yalianza kurudi juu, na kwenye chaki nyeupe ikajichora mistari miwili myembamba ya unyevu, kila mmoja ukitoka kwenye valvu ya kuingizia hewa hadi ya kutolea moshi. Dereva wake, aliyekuwa amesimama akitazama, alisema gari lilikuwa linachemsha "kidogo tu."

2H iliyoitangulia haina mkanda. Taiming yake huendeshwa na giya, haina haraka, inakula dizeli, na hufa kama mzee: miaka mitano ya moshi na kula oili kabla haijalala moja kwa moja. Ukiikuta kwenye Land Cruiser ya miaka ya 1980 ikiwa bado na mgandamizo mzuri, usimruhusu mtu akushawishi kuing'oa. Ubaya wake ni kwamba spea zake zimepungua sana madukani.

Mafundi wa hapa hubishana daima kati ya Toyota na Land Rover. Upande wa pili wa ubishi huu yuko Land Rover, na katika mji huu ukimsema vibaya unaweza kupoteza marafiki. Waliokuja kwenye tamasha la Land Rover hapa Arusha mwezi Oktoba 2024 wanajua ninachosema. Nami namheshimu. 300Tdi ina sentimita za ujazo 2,495 tu, silinda nne, lakini ina tabo na dizeli yake hunyunyizwa moja kwa moja juu ya pistoni. Inatoa Nm 265 kwenye mizunguko 1,800. Linganisha na 1HZ: injini ndogo kwa lita moja na nusu na zaidi, tofauti ya Nm 20 tu, tena torki inakuja mapema zaidi, na ukifika Karatu ile tofauti inaweza kuwa imegeuka kwa faida ya Land Rover kwa sababu ya kimo nilichokieleza. Kwa matumizi ya mafuta, haina mpinzani kati ya hizi tatu.

Tatizo ni kwamba 300Tdi huanza kufa kimya kimya. Bloku yake ni chuma, hedi yake ni aluminiamu, na aluminiamu ikichemka bila maji hupinda. Hili nilijifunza kwa gharama yangu mwenyewe, nikiwa tayari fundi wa miaka mingi. Nilikuwa natoka Loliondo jioni na Defender yangu, na mpira mwembamba unaokwenda kwenye tanki dogo la maji ulikuwa umetoboka. Mshale wa joto ulibaki katikati muda wote, nami nikauamini, nikasahau kwamba kipimo hicho hupima joto la maji. Maji yasipokuwepo kinabaki hewani na hakina cha kusema. Dalili niliyokuwa nayo ilikuwa nyingine: nilifungua hita kwa sababu ya baridi ikanipulizia hewa baridi, nikadhani hita ndiyo imeharibika. Hita inapokosa joto wakati injini ni ya moto, maana yake hakuna maji yanayopita humo. Niliendelea kilomita kama kumi hadi nguvu ilipokata. Tulipoiweka rula ya chuma juu ya hedi, fila geji, kile kibati chembamba cha kupimia nafasi, ilipita katikati bila kugusa pande zote mbili. Tangu siku hiyo kila 300Tdi ninayoihudumia naifungia kengele ya kiwango cha maji kwenye lile tanki, na mteja asiyeitaka namwomba atafute fundi mwingine.

Kuhusu Hilux na 3L yake sitakawia. Ni injini ya lita 2.8 isiyo na tabo, nyepesi, rahisi, spea zake ni bei nafuu kuliko zote, na ina mkanda unaohitaji uangalizi ule ule. Torki yake haifiki Nm 200. Kwa mzigo wa nusu tani kati ya Moshi mjini na Himo ni gari la busara kabisa. Kwa tani moja ya mzigo ukipanda kwenda Kibosho barabara ikiwa na tope, itafika, lakini utapanda na giya namba moja na namba mbili, na injini inayofanya kazi hivyo kila siku huchemka.

Wapo watakaoniuliza kuhusu Nissan Patrol yenye TD42. Kwa chuma peke yake ningeiweka juu ya 1HZ: silinda sita, sentimita za ujazo 4,169, taiming ya giya, hakuna mkanda wa kukatika. Kwa bahati mbaya magari yenyewe ni machache huku kwetu, na injini nzuri isiyo na spea jirani ni pambo la uani. Isuzu zenye 4JB1 ni za kubana mafuta na zinavumilia, ila kabla ya kununua hakikisha unajua yako ina mkanda au giya, kwa kuwa nimekutana na zote mbili. Wamarekani nao wana ubishi huu huu juu ya pikapu zao za tani moja, na tangu Dodge walipofunga injini ya dizeli ya Cummins ya lita 5.9 mwaka 1989, silinda sita mstari mmoja, taiming ya giya, wengi wao wanaiona ndiyo mshindi wa enzi hizo. Sababu wanazozitoa zinafanana sana na ninazompa mzee wa Kibosho.

Mzee aliniomba nimkagulie gari zote tatu. Hilux aliiacha mwenyewe alipoona ekseli. Defender niliifungua kifuniko cha oili nikakuta ute wa rangi ya maziwa upande wa ndani. Unaweza kuwa unyevu tu wa gari lisilosafiri mbali, lakini mpira wa juu wa rejeta ulikuwa mgumu kama jiwe dakika mbili tu baada ya kuwasha, na hilo halina maelezo mengine: mgandamizo wa silinda unapenya kwenye maji. Tukabaki na HZJ75. Tulipofika kwa muuzaji nilishika boneti, ilikuwa na joto, na injini yenye joto huficha ugumu wake wa kuwaka. Nilimshukuru, nikamwambia tutarudi kesho saa kumi na mbili asubuhi na kwamba asiiwashe. Kesho yake ilichukua sekunde chache za hita plagi, zile za kupasha moto injini kabla ya kuwasha, ikawaka kwa mara ya kwanza, ikatoa moshi mweupe kidogo uliokwisha kabla sijamaliza kuzunguka gari. Niliiacha ikaunguruma, nikafungua kifuniko cha oili na kukigeuza juu chini kwenye tundu lake. Kilitetemeka, hakikurushwa, maana yake mgandamizo hauvuji sana kupita kwenye ringi za pistoni.

Alinunua. Muuzaji aliapa kwamba mkanda ni mpya, na huenda alisema kweli. Tuliufungua siku hiyo hiyo tukaweka mwingine na beringi yake, kisha nikaandika tarehe na kilomita kwa rangi nyeupe juu ya kifuniko cha taiming, kwa herufi kubwa, ili hata fundi wa Kibosho atakayeifungua miaka mitano ijayo asilazimike kumuuliza mtu.