Je, Wajua Kwa Nini Kinywaji Kilekile cha Protini Humpunguza Mtu Mmoja na Kumnenepesha Mwingine?

Watu wawili wanaweza kununua kopo la unga wa protini la aina moja, wakawa wanakoroga kipimo kilekile kila asubuhi kwa muda wa miezi mitatu, kisha mmoja akapungua kilo kadhaa na mwenzake akaongezeka. Unga ni uleule, na mizani haikukosea. Kilichowatenganisha ni kwamba wa kwanza alikunywa kinywaji hicho mahali pa chakula ambacho angekila, na wa pili alikunywa juu ya chakula chake chote cha siku. Kwa hiyo anayetaka kujua kama vinywaji vya protini, au sheki kama wengi wanavyoviita, vinamfaa mtu anayejaribu kupunguza uzito, hatapata jibu ndani ya kopo peke yake. Inambidi aulize kwanza kinywaji hicho kimechukua nafasi ya nini.

Uzito hupungua pale mwili unapopokea nishati kidogo kuliko ile unayoitumia, siku baada ya siku, hadi ukalazimika kuchota katika akiba yake. Protini haiko nje ya hesabu hiyo. Gramu 1 ya protini hutoa takriban kalori 4, sawasawa na gramu 1 ya wanga, ilhali gramu 1 ya mafuta hutoa kalori 9. Kipimo cha kawaida cha unga, chenye uzito wa gramu 30 hivi, huwa na gramu 20 hadi 25 za protini na kalori kati ya 100 na 130 kikikorogwa kwa maji. Kikikorogwa kwa glasi kubwa ya maziwa yasiyoondolewa mafuta, kikatiwa ndizi moja na vijiko viwili vya siagi ya karanga, kinafika kalori 600 bila shida, na hizo ni kalori za mlo mzima. Mtu akinywa hicho saa nne asubuhi na bado akala mchana na usiku kama alivyozoea, atanenepa. Hakuna protini inayoyeyusha mafuta ya mwilini kwa kupita tumboni tu, na tangazo linaloahidi hivyo linamdhulumu mnunuzi ambaye mara nyingi amekwisha kujaribu mengi na kukata tamaa.

Hata hivyo, si sahihi kudhani kwamba kalori za protini hazina tofauti yoyote na kalori nyingine. Kumeng'enya chakula ni kazi, na kazi hiyo nayo hula nishati: kwa protini huenda asilimia 20 hadi 30 ya nishati iliyomo, kwa wanga asilimia 5 hadi 10, na kwa mafuta haizidi sana asilimia 3. Jambo hili ni la kweli, lakini hukuzwa kupita kiasi. Gramu 25 za protini zina kalori 100, na mwili utatumia kalori 20 hadi 30 kuzishughulikia. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kupikia kinatosha kuirudisha akiba hiyo yote na kuizidi.

Faida iliyo kubwa zaidi imo katika shibe. Protini inapofika katika utumbo mdogo, seli za utumbo hutoa homoni zinazoupasha ubongo habari kwamba chakula kimeingia, na mojawapo ni GLP-1, ileile ambayo dawa mpya za sindano za kupunguza uzito huiga kazi yake. Wakati huohuo homoni ya njaa iitwayo ghrelini hushuka. Ndiyo maana mtu aliyepata protini ya kutosha asubuhi mara nyingi hasumbuliwi na njaa kabla ya mchana, na asiyesumbuliwa na njaa hula kidogo bila kujilazimisha. Nionavyo mimi, hiyo ndiyo njia kuu ambayo protini humsaidia mtu kupungua: haichomi chochote, bali hupunguza ugumu wa kuvumilia chakula kidogo.

Lakini hapo hapo kinywaji kina udhaifu wake, kwa kuwa ni kimiminika. Kutafuna, muda ambao mlo huchukua, na uzito wa chakula tumboni, vyote ni sehemu ya ishara zinazomwambia mtu kwamba ameshiba. Sheki humezwa kwa dakika mbili na huondoka tumboni mapema kuliko chakula kigumu. Majaribio yaliyolinganisha vimiminika na vyakula vigumu vyenye kalori zilezile yameonyesha mara kwa mara kwamba aliyekunywa hapunguzi mlo unaofuata kwa kadiri ya kalori alizozinywa. Kinywaji kizito hushibisha kuliko kile chepesi kama maji, na aina ya protini nayo ina uzito wake katika suala hili. Katika maziwa ya ng'ombe, takriban asilimia 80 ya protini ni kaseini, ambayo huganda tumboni na kumeng'enywa polepole. Asilimia 20 iliyobaki ni wei, ile protini ibakiayo katika maji ya maziwa baada ya jibini kutengenezwa, ambayo hupita upesi. Makopo mengi ni ya wei. Mtu anayetaka kinywaji kimfikishe mbali hufanya vyema kula nacho kitu cha kutafuna chenye nyuzinyuzi, kama vile tunda zima, badala ya kulisaga tunda hilo ndani yake.

Kuna sababu nyingine ya kujali protini, na kwangu hii ndiyo inayostahili kuzungumzwa kwa kirefu, kwa sababu mizani ya nyumbani haiioni. Mwili uliopungukiwa na nishati hauchomi mafuta peke yake. Huvunja pia misuli, na mtu anapopungua kwa kula kidogo tu, bila mazoezi wala protini ya kutosha, takriban robo ya uzito anaoupoteza huweza kutoka katika sehemu za mwili zisizo mafuta. Aliyepungua kilo 8 kwa namna hiyo anaweza kuwa amepoteza kilo 6 za mafuta na kilo 2 za tishu ambazo zilikuwa zikimbeba, zikimsaidia kupanda ngazi, na zikitumia sukari iliyomo katika damu yake. Uzito ukirudi baadaye, kama unavyorudi kwa wengi, si lazima misuli irudi kwa kiwango kile kile ilichoondoka. Kwa mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea, ambaye misuli yake hupungua hata asipojinyima chakula, hasara hiyo ni nzito zaidi.

Misuli hubomolewa na kujengwa upya kila siku, na protini ndiyo inayoleta matofali ya ujenzi, yaani asidi amino. Miongoni mwake ipo iitwayo leusini, ambayo licha ya kuwa tofali pia huwa kama kengele inayoamsha ujenzi wenyewe, na wei ina leusini nyingi kuliko protini nyingi za mimea. Pamoja na hayo, kengele hiyo hailii vizuri ikiwa misuli haifanyi kazi. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada walichapisha jaribio la vijana wa kiume 40 wenye uzito uliozidi, ambao kwa wiki 4 walipunguziwa nishati kwa asilimia 40 huku wakifanya mazoezi makali siku 6 kwa wiki. Kundi moja lilipewa gramu 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku, na kundi la pili gramu 2.4. Kundi la kwanza lilipoteza wastani wa kilo 3.5 za mafuta na misuli yake ikabaki karibu palepale. La pili lilipoteza kilo 4.8 za mafuta na kuongeza kilo 1.2 za tishu zisizo mafuta, ingawa lilikuwa likila chini kabisa ya mahitaji yake. Matokeo hayo si ya kuahidiwa kila mtu, kwani walikuwa vijana, walisimamiwa kwa karibu, na mazoezi yao yalikuwa magumu mno. Hata hivyo yanaonyesha kwamba hata kundi lililopata protini kidogo halikupoteza misuli, na jambo hilo haliwezi kuelezwa bila kuyataja mazoezi. Anayekunywa sheki akabaki kitini siku nzima ameleta matofali mahali ambapo hakuna mwashi.

Basi mtu anahitaji kiasi gani? Kiwango cha chini kinachopendekezwa kwa mtu mzima mwenye afya ni gramu 0.8 kwa kilo kwa siku, na kwa anayepunguza uzito wataalamu wengi hutaja kati ya gramu 1.2 na 1.6. Kwa mtu wa kilo 70, hiyo ni gramu 84 hadi 112. Yai moja lina gramu 6 hivi, kikombe cha maziwa gramu 8, kikombe cha maharage yaliyopikwa gramu 15, na gramu 100 za kidari cha kuku kilichopikwa zina takriban gramu 30. Ukijumlisha utaona kwamba chakula cha kawaida kinaweza kabisa kufikisha kiasi hicho, na kikifikisha, unga wa kopo hauongezi faida yoyote ya pekee. Mwili hautambui kama asidi amino imetoka kwenye samaki au kwenye kijiko cha plastiki. Kinywaji hufaa pale ambapo hesabu haifiki: kwa asiye na muda wa kupika asubuhi, kwa asiyekula nyama na ambaye nafaka zake zina protini kidogo, kwa mzee mwenye hamu ndogo ya chakula, au kwa anayetumia dawa za kupunguza uzito ambazo zimemfanya ashindwe kumaliza hata nusu sahani.

Hapa ni lazima nitenganishe vitu viwili ambavyo huchanganywa daima, kwa sababu kuchanganya huko kumewahi kuua watu. Unga wa protini ni nyongeza tu: una protini na vingine vichache. Kinywaji cha badala ya mlo ni kitu kingine, kwani hutengenezwa kiwe na protini, wanga, mafuta, vitamini na madini kwa viwango vilivyopangwa. Mtu hawezi kuishi kwa kile cha kwanza. Katika miaka ya 1977 na 1978 huko Marekani, makumi ya watu walifariki baada ya kutegemea kwa wiki au miezi vinywaji vya protini vilivyotengenezwa kwa kolajeni itokanayo na ngozi na viungo vya wanyama, ambayo haina asidi amino mojawapo ya lazima, yaani triptofani. Miongoni mwao walikuwamo wanawake ambao hawakuwa na historia ya ugonjwa wa moyo, na mioyo yao ilisimama baada ya mapigo kuvurugika. Kolajeni inauzwa tena kwa wingi siku hizi, na anayeihesabu kuwa protini yake ya siku ajue kwamba kwa kujenga misuli ni protini dhaifu.

Lebo nayo inahitaji kusomwa kwa makini. Mbali na kalori na sukari, tazama ni gramu ngapi za protini zilizomo katika kipimo kizima. Kipimo cha gramu 30 chenye protini 12 ni unga wa kitu kingine. Unga uliokusudiwa watu wanaotaka kuongeza mwili huwekwa rafu moja na huu, ilhali kipimo chake kimoja kinaweza kuzidi kalori 1,000. Tena, namba ya protini yenyewe huweza kughushiwa. Njia ya kupima iliyobuniwa na mkemia wa Denmark, Johan Kjeldahl, mwaka 1883, hupima naitrojeni, elementi iliyomo katika protini, na si protini yenyewe, hivyo kiwanda kisicho na uaminifu huweza kutia asidi amino za bei nafuu zenye naitrojeni, kama glisini, na kipimo kikapanda bila ubora kupanda. Bidhaa iliyopimwa na maabara huru ni bora kuliko iliyopambwa kwa picha za vifua vipana. Anayesumbuliwa na laktosi, yaani sukari ya maziwa, ataivumilia zaidi wei iliyochujwa hadi kufikia asilimia 90 ya protini au zaidi, na mwenye ugonjwa wa figo asianze kabisa kabla ya kuzungumza na daktari wake, kwa kuwa figo dhaifu hulemewa na mabaki ya protini.

Vile vinywaji vya badala ya mlo, vikitumiwa chini ya uangalizi, vimewahi kuleta matokeo makubwa. Mwaka 2017 watafiti wa Uingereza, wakiongozwa na Roy Taylor wa Chuo Kikuu cha Newcastle na Mike Lean wa Chuo Kikuu cha Glasgow, walitoa matokeo ya utafiti wa watu wenye kisukari cha aina ya pili. Watu 149 waliacha chakula cha kawaida kwa miezi 3 hadi 5 wakatumia sheki na supu maalumu zenye kalori 825 hadi 853 kwa siku. Baada ya mwaka mmoja asilimia 46 hawakuwa tena na kisukari bila kutumia dawa, dhidi ya asilimia 4 katika kundi la waliopata matibabu ya kawaida. Baada ya sheki ziliwekwa wiki 2 hadi 8 za kurudisha chakula kidogokidogo, mlo mmoja baada ya mwingine, kisha wahudumu wa afya wakaendelea kukutana na kila mshiriki. Kufikia mwaka wa pili, wakati sheki zilikuwa zimekwisha kuachwa zamani na kila mmoja akila chakula cha mezani, waliobaki bila kisukari walikuwa asilimia 36, na wengi wao walikuwa wale waliofanikiwa kuzuia uzito usirudi.