Je, wajua kwa nini zulia la kale la Waturkmeni, watu wa Asia ya Kati, husomwa kwa nyuma?

Zulia jekundu lenye safu za maumbo ya pembe nane, wauzaji hupenda kuliita "Bukhara". Hilo ni jina la soko tu. Bukhara, mji wa Asia ya Kati, ndiko mazulia hayo yalikouzwa. Waliofuma ni wanawake wa makabila ya Waturkmeni: Tekke, Salor, Saryk, Yomut, Ersari, Chodor na mengineyo.

Lile umbo la pembe nane huitwa gul, na kila kabila lilikuwa na lake. Tatizo ni kwamba pambo huigwa. Wasalor waliposhindwa na jeshi la Uajemi mwanzoni mwa miaka ya 1830, gul yao iliendelea kufumwa na makabila mengine, na katika karne ya 20 karakana za Pakistan zilinakili gul ya Tekke kwa wingi. Fundo, yaani namna kila uzi wa manyoya ya zulia unavyofungwa, ni gumu zaidi kuiga, maana msichana alijifunza kulifunga kwa mama yake, na mkono ukishazoea haubadiliki upesi.

Basi ligeuze zulia, kisha likunje sambamba na mshindio (nyuzi za kupita kwa upana) ili manyoya yaachane na shina la fundo lionekane. Kama uzi umezungushwa kwenye nyuzi mbili za mtande (nyuzi za kwenda kwa urefu) na ncha zote mbili zikatokea katikati yake, hilo ni fundo linganifu: Saryk, na mara nyingi Yomut. Kama umezunguka uzi mmoja tu wa mtande na kupita nyuma ya wa pili, tazama upande ulioachwa wazi. Wazi kulia ni Tekke, Ersari au Chodor. Wazi kushoto, tena nyuzi za mtande zikiwa zimepandana badala ya kulala sawa, fikiria Salor. Usikague ukingoni peke yake: baadhi ya kazi za Tekke zina mafundo linganifu pembeni, na hapo wengi hukosea. Hesabu pia mafundo katika sentimita 10 kwa 10. Tekke mara nyingi hupita 2,000.

Umri ni kazi nyingine, na rangi ndiyo shahidi mzuri. Wekundu wa zamani ulitoka kwenye mizizi ya mmea wa rubia, buluu kwenye nili. Rangi za viwandani zilizuka Ulaya kuanzia 1856, zikaenea kwa Waturkmeni hasa baada ya Urusi kujenga reli huko kuanzia 1880. Fumua manyoya: zambarau iliyokolea shinani lakini kijivu nchani ni dalili ya rangi ya kiwandani. Sugua kwa kitambaa cheupe chenye unyevu. Wekundu ukihamia, shuku. Hata hivyo rangi hizo zinathibitisha tu kwamba zulia halikufumwa kabla yake. Kukosekana kwake hakuthibitishi ukale, kwa sababu rangi za mimea bado hutumika.

Kipimo cha kaboni, kinachotumika kukadiria umri wa vitu vya kale, hakisaidii sana hapa. Kwa vitu vya kati ya 1650 na 1950 hivi hutoa miaka kadhaa inayowezekana kwa pamoja, na mazulia mengi yaliyobaki ni ya karne ya 19.

Mwisho, pitisha kidole juu ya mistari ya kahawia iliyoiva. Chuma kilichotumika kuitia rangi hula sufu polepole, hivyo katika zulia kongwe sehemu hizo huwa zimezama kuliko nyekundu zilizo jirani. Anayezeesha zulia jipya kwa kulinyoa huyashusha manyoya yote kwa kimo kimoja.