Kiwanja cha kinamasini: yanayosemwa Kampala na ukweli wake

Kila panapotokea mpango wa kujenga nyumba kwenye kinamasi au msitu wa hifadhi karibu na Kampala, wakazi wanaopinga huambiwa maneno yaleyale. Dalali huyasema, mwenye lori la maramu, ule udongo mwekundu wa kujazia, huyasema, na mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) aliyekwisha kupiga muhuri mkataba wa mauziano huyarudia.

"Nina hati, basi ardhi ni yangu"

Hili ndilo linalowatia wengi hasarani. Katiba ya Uganda ya 1995, ibara ya 237, inasema maziwa, mito, ardhi oevu na misitu ya hifadhi hushikwa na serikali kwa amana, kwa niaba ya wananchi wote. Sheria ya Ardhi ya 1998 ikakaza zaidi: serikali haina ruhusa ya kuzigawa wala kuzikodisha, ila inaweza kutoa vibali vya kuzitumia. Kwa hiyo hati iliyotolewa juu ya kinamasi baada ya 1995 ina kasoro tangu siku ilipotiwa saini, hata kama muhuri wake ni wa kweli na ulilipa ada zote. Mwaka 2014 baraza la mawaziri liliamua hati za namna hiyo zifutwe. Utekelezaji umekwenda kwa kusuasua, na madalali wanaishi humo humo kwenye kusuasua.

Wenye hati za mailo (umiliki wa kudumu wa tangu enzi za ukoloni) za kabla ya 1995 wana hoja nzito zaidi, sikatai. Lakini kumiliki ni jambo moja na kumwaga maramu ni jingine. Kanuni za ardhi oevu za mwaka 2000 zinadai kibali kwanza, na kandokando ya Ziwa Victoria zimetenga mita 200 kutoka kwenye maji. Kanuni hiyo haiulizi babu yako alipata ardhi lini.

Mnunuzi ajue pia kwamba upekuzi wa ofisi ya ardhi humwambia jina la mwenye hati na kama ina rehani au zuio, basi. Swali la kinamasi linaulizwa kwa afisa mazingira wa wilaya, na linaulizwa kabla ya kulipa arbuni.

"Pale pana mafunjo na mbu tu"

Tazama kinamasi cha Nakivubo. Maji machafu ya sehemu kubwa ya jiji hushuka humo kuelekea Ghuba ya Murchison, na ni kwenye ghuba hiyohiyo, kilomita chache tu mbele, mitambo ya Gaba huvuta maji ya kunywa ya Kampala. Mizizi ya mafunjo hufumana kama mkeka unaoelea, ikakamata matope na kunyonya nitrojeni na fosforasi. Watafiti wa mwishoni mwa miaka ya 1990 walikadiria faida ya kinamasi hicho kuwa hadi dola milioni 1.75 kwa mwaka. Tangu wakati huo mafunjo mengi yamefyekwa, yakapandwa magimbi na miwa, na maji ya ghuba yakazidi kuchafuka. Hiyo ni sababu mojawapo iliyofanya mtambo mpya ukajengwe Katosi, wilaya ya Mukono, wenye uwezo wa mita za ujazo 160,000 kwa siku. Kazi ambayo mafunjo yalikuwa yakiifanya bure sasa inalipiwa.

Na mbu? Aina kuu ya mbu wa malaria hupenda vidimbwi vilivyo wazi juani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 kuhusu mabonde ya Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, ulikuta joto na hatari ya malaria vikiwa juu zaidi karibu na vinamasi vilivyolimwa kuliko karibu na vile vyenye mafunjo yake.

"Ukijaza maramu ya kutosha, maji yanaondoka"

Yanahamia kwa jirani. Nenda Bwaise, mtaa wa bondeni Kampala, ukatazame milango: vizingiti vimejengwa kwa matofali hadi karibu na goti ili maji yasiingie, na bado ukutani utaona alama ya mahali yalipofika. Vyoo vimeinuliwa juu ya ngazi kwa sababu shimo haliwezi kuchimbwa, maji yako karibu mno. Mvua kubwa ikinyesha, wapo wanaofungulia choo kimwagike mtaroni. Mwenye ghorofa iliyoinuliwa kwa malori mia ya udongo hayaoni hayo, ila anayeishi chini yake anayaona.

"Wanaopinga wana nyumba zao, maskini walale wapi?"

Swali ni la haki. Uganda ina upungufu wa nyumba zaidi ya milioni 2, na wanaosukumwa kinamasini mara nyingi ni wale wasioweza kununua kilimani. NEMA, mamlaka ya mazingira, ilipobomoa nyumba kwenye kinamasi cha Lubigi mwaka 2024, familia zilibaki na mabati na magodoro barabarani, huku wengi wakiuliza mbona wenye mali kubwa hawaguswi. Mimi naona kilio hicho kina msingi. Ila dawa yake ni sheria ishike wote na viwanja vya kilimani vijengwe kwa kwenda juu, maana Kampala bado ina nyumba za mabati za chumba kimoja kimoja hatua chache kutoka katikati ya jiji. Kumuuzia maskini futi 50 kwa 100 za matope hakumpi nyumba.

"Serikali ikishaamua, kupinga ni bure"

Mwaka 2007 ulikuwapo mpango wa kutoa hekta 7,100 za msitu wa Mabira zilimwe miwa. Watu waliandamana Aprili, wengine wakapoteza maisha, na mpango ukasimama. Kuhusu msitu wa Butamira, Mahakama Kuu iliamua mwaka 2005 kwamba serikali ilivunja amana ya wananchi. Wala si lazima uwe jirani: ibara ya 50 ya Katiba inamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kutetea haki za wengine, ikiwemo ile ya mazingira safi.

Na ukiambiwa msitu fulani wa hifadhi "umeshafutwa", omba uone idhini ya Bunge. Kisha uliza eneo la badala liko wapi, kwani Sheria ya Misitu ya 2003 inataka litengwe lingine lenye ukubwa usiopungua huo.