Themostati Haikuwekwa kwa Ajili ya Baridi ya Japani

Wiki iliyopita iliingia Toyota IST moja namba D, mwenyewe mama anayeuza vitenge Kariakoo na kulala Kibaha. Nilitegemea kusikia gari linachemsha, maana ndiyo wimbo wa gereji yangu kila msimu wa joto. Kumbe lalamiko lake lilikuwa kinyume kabisa.

"Fundi, hii taa ya buluu hainielewi. Inazima nikikuta foleni Kimara, foleni ikiachia inarudi. Na mafuta inakunywa kama Noah."

Kwa wasioijua, IST haina mshale wa joto, sawa na Vitz nyingi. Ina taa mbili tu. Ya buluu inasema injini bado ya baridi, nyekundu inasema simama sasa hivi. Taa ya buluu kuwaka asubuhi dakika chache ni kawaida. Kuwaka tena ukiwa umeshatembea kilomita 20 ni kitu kingine.

Nikamuuliza, "Mama, kuna mtu aliwahi kugusa mambo ya maji humu?"

"Mwaka jana ilichemsha pale Ubungo. Fundi akatoa kile kidude, akasema huku kwetu joto, hakina kazi, ni cha Wajapani na theluji yao."

Kidude chenyewe ni themostati, na maneno hayo nimeyasikia tangu nikiwa saidia fundi. Niliwahi kuyasema mwenyewe, tena kwa kujiamini.

Themostati ni mlango wa maji kati ya injini na rejeta. Ndani yake kuna kikopo kidogo cha shaba kilichojazwa nta. Maji yakipata moto nta inavimba, inasukuma pini, mlango unaachia. Yakipoa, springi inaurudisha. Haina waya wala kompyuta. Kwenye injini ya 1NZ, ile ya cc 1,500 iliyomo kwenye IST, Probox na ndugu zao wengi, mlango huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Kwenye nyuzi 95 unatakiwa uwe umeachia milimita 8.5 au zaidi. Ukiishika mkononi mara nyingi utakuta namba 82 imegongwa kwenye bati.

Sasa piga hesabu. Jua la Februari hapa Dar linafikisha hewa nyuzi 33, tuseme 34. Injini inataka maji ya nyuzi 80 na zaidi. Hapo katikati kuna karibu nyuzi 50, na hizo lazima injini izitafute yenyewe, uwe Kibaha, uwe Tokyo. Na Tokyo ya mwezi wa nane ni joto la kuloa shati kama letu tu, lakini hakuna anayekimbilia gereji kuitoa themostati mpaka baridi irudi.

Injini isiyofika joto lake haionyeshi uchungu, ndiyo maana watu hawaamini. Kompyuta inasoma sensa ya maji, inaona baridi, inaongeza petroli kama vile umevuta choki ya Datsun ya zamani. Gia ya otomatiki nayo inachelewa kuingia ya mwisho kwa sababu imeambiwa injini haijapasha. Oili haipati joto la kutosha kukausha unyevu, na baada ya miezi unafungua mfuniko wa oili unakuta utando kama maziwa mgando. Hapo mwingine anaambiwa gasketi ya silinda hedi imekwenda, injini inafunguliwa bure.

Lipo jambo jingine ambalo mafundi wengi hatukufundishwa. Kwenye injini nyingi za Toyota themostati imekaa upande maji yanapoingilia injini, na chini yake ina kisahani cha pili, kidogo. Mlango mkubwa ukifunguka, kisahani hicho kinaenda kuziba njia ya mkato, ile inayozungusha maji ndani ya injini bila kuyapitisha kwenye rejeta. Ukiitoa themostati, njia ya mkato inabaki wazi muda wote. Sehemu ya maji ya moto inarudi injini ikiwa bado ya moto. Kwa hiyo barabarani, upepo ukiwa mwingi, gari linapoa kupita kiasi, na siku ukipanda Kitonga nyuma ya semi ukiwa umejaza abiria, gari hilohilo linaweza kuchemsha. Mtu anakwambia, "Lakini si nilishatoa themostati?" Ndiyo hivyo.

Nirudi kwa mama. Kabla ya kufikiria themostati mpya nilitaka kujua kwa nini lilichemsha mwaka jana, maana kidude kilichotolewa kinaweza kuwa kilikuwa kizima. Nikafungua boneti. Feni ilikuwa inazunguka tangu aliposwichi, injini ikiwa bado ya baridi. Nikafuata waya. Kutoka kwenye soketi ya feni kulikuwa na waya wa spika, ule mwembamba wenye mstari mwekundu, umepita juu ya betri, ukaingia kwenye sanduku la fyuzi na kuchomekwa pembeni ya mguu wa fyuzi nyingine. Umefungwa tepu nyeusi, na tepu ilikuwa imeanza kuachia gundi kwa joto. Feni inavuta ampea kumi na zaidi, waya ule umetengenezwa kwa ajili ya muziki. Nilipoushika ulikuwa wa moto kama kikombe cha chai.

Hii ndiyo "feni direct" inayosifiwa mitaani. Nikachukua mita. Betri, injini ikiwa inanguruma, volti 13.9. Kwenye waya wa feni, volti 9 na ushei. Karibu volti tano zimepotelea njiani, zinapika waya na soketi. Nikaichomoa ile soketi: mguu mmoja ulikuwa mweusi, plastiki imeyeyuka upande huo na kuukumbatia. Hapo ndipo ugonjwa ulipoanzia. Soketi ililegea, ikapata moto, umeme ukawa haufiki sawasawa, feni ikazunguka kivivu. Barabarani hakuna shida, upepo unafanya kazi ya feni. Ubungo kwenye foleni hakuna upepo, gari likachemsha. Fundi aliyempata akatoa themostati ambayo haikuwa na kosa, akaipigia feni direct kupitia soketi ileile iliyoungua.

Simlaumu sana. Mama anaungua na jua, trafiki anapiga filimbi, kila mtu anataka gari liondoke. Hata mimi likinikuta usiku Mikumi, tembo wako kando ya barabara, na themostati imegoma kufunguka, nitaitoa nifike Morogoro. Ila kabla ya hapo ningejaribu kwanza kuwasha hita ya ndani mpaka mwisho kwenye joto, feni ya dashibodi juu kabisa na vioo chini. Hita ni rejeta ndogo. Utaoga jasho, lakini mara nyingi unanunua muda wa kufika mahali pa kusimama. Mfuniko wa rejeta usiuguse injini ikiwa ya moto. Ule mfuniko umeandikwa 1.1 au 108 kwa sababu unashikilia presha ya karibu kilopaskali 108, na chini ya presha hiyo maji yanavumilia mpaka kama nyuzi 120 bila kuchemka. Ukiufungua, presha inaondoka na maji yote yanachemka kwa pamoja, usoni kwako.

Kazi yenyewe ilichukua nusu siku. Soketi nikaikata na kuweka nyingine, vichwa vya waya nikavibana kwa koleo lake, sio kwa meno. Waya wa spika nikautoa wote, rilei ya feni, ile swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa, nikairudishia kazi yake. Themostati ya 1NZ imejificha nyuma ya alteneta, kwa hiyo alteneta lazima ipishe, halafu kuna nati mbili za namba 10. Ina mpira wake wa kuzunguka, haihitaji silikoni, na kile kitundu chenye kipini kinachochezacheza kinaelekezwa juu, ndicho kinachopitisha hewa wakati wa kujaza maji. Ukiigeuza chini, hewa inabaki ndani na utahangaika siku nzima.

Kabla ya kuifunga niliipika. Kopo la maziwa, maji, jiko la gesi, kipimajoto, themostati inaning'inia kwa uzi isiguse chini. (Sufuria za nyumbani nimeshapigwa marufuku.) Kwenye nyuzi 81 ikaanza kutoa mwanya mwembamba kama ukucha, kwenye 90 imeachia vizuri, nikaiinua, ikafunga polepole mkononi. Mteja alikuwa amesimama pembeni anaangalia. Hapo ndipo aliponiamini, kuliko maelezo yangu yote. Fanya hivyo hata na ya dukani iliyomo kwenye boksi lake, zipo feki zinazofunguka zinavyotaka.

Kuhusu kulanti, yaani maji maalum ya kupoozea injini, sitasema mengi. Maji ya kisima cha Dar yana chumvi, na injini hizi ni za aluminiamu. Ukiendelea kumimina ya kisima, rejeta inaziba na pampu inaliwa taratibu. Weka kulanti. Ile ya pinki ya Toyota inakuja imeshachanganywa, usiiongezee maji.

Wapo watakaouliza, je, kama nataka swichi yangu ya kuwasha feni mwenyewe? Inawezekana, na kwa anayepanda milima na mzigo ina maana. Weka rilei ya pili. Mguu wenye namba 30 unatoka chanya ya betri, na fyuzi ya ampea 30 isizidi shibiri moja kutoka betri. Wa 87 unaenda chanya ya feni. Wa 86 unapata umeme wa swichi, wa 85 unafungwa kwenye bodi, mahali palipokwanguliwa rangi. Waya wa feni uwe wa milimita 4 za mraba. Muhimu swichi iongeze tu. Njia ya kompyuta uiache kama ilivyo, ili siku ukisahau kubonyeza, gari lijikumbuke lenyewe. Kama feni yako ina spidi mbili, usikate chochote mpaka upate mchoro wa gari lako, maana nyingine zinapitia kipunguza umeme na zina rilei zaidi ya moja.

Ukitaka kujua themostati inafanya kazi bila kifaa chochote, washa gari asubuhi likiwa la baridi na ushike mpira wa chini wa rejeta, kwa tahadhari, feni iko jirani. Mwanzoni ni wa baridi na unabaki wa baridi dakika kadhaa. Halafu ghafla unapata moto. Ukipata moto kidogokidogo tangu mwanzo, mlango haupo au haufungi. Vile vidude vya kuunganisha kompyuta ya gari na simu vinasaidia pia, ila gari nyingi za soko la Japani za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zinagoma kusomeka navyo, usikitupe ukidhani ni kibovu.

Jana mama amenitumia picha ya dashibodi kabla hajatoka kituo cha mafuta Kibamba. Taa ya buluu imezima. Chini yake kaandika: "Fundi, sasa hii nyekundu ni ya nini tena?"

Nikaikuza. Handibreki.