Siku Nne Hispania Si Miji Minne

Simu ya Jumanne ilikuwa ya nne mwezi huu yenye maneno yale yale. "Dada, tuna siku nne, likizo ya katikati ya muhula. Mmoja ana miaka 13, mwingine 16, si watoto wa kubeba tena. Tuone Barcelona, Madrid, Granada, na muda ukiruhusu tupitie Seville." Nikamuuliza huo muda utakaoruhusu ataupata wapi. Akacheka. "Kwani treni za kasi za nini?"

Napanga safari za familia hapa Leicester. Wateja wangu wengi ni watu wetu, wa Mombasa, Unguja na Dar, waliolowea Uingereza. Watoto wao wamekua na wamechoka kupelekwa kwa shangazi Birmingham kila shule zikifungwa. Hispania iko chini ya saa tatu kwa ndege, kwa hiyo wanakuja kwangu. Kila mmoja anakuja na dhana zake, lakini hii ya treni ndiyo inayonipandisha presha.

Treni zenyewe sina ugomvi nazo. Kati ya Barcelona na Madrid kuna reli ya kilomita 621, treni inakimbia hadi kilomita 300 kwa saa, na unafika kwa saa mbili na nusu au tatu. Tangu kampuni nyingine ziingie kushindana na Renfe, shirika la reli la serikali, Ouigo mwaka 2021 na Iryo mwaka 2022, hata nauli si mbaya ukikata tiketi mapema. Tatizo ni kwamba mtu akisikia saa mbili na nusu, anadhani kuhama mji kunamgharimu saa mbili na nusu.

Haya, tuhesabu pamoja. Mko Barcelona, mnahamia Madrid. Umeamsha watoto saa moja na nusu asubuhi. Yule wa miaka 16 ameamka saa mbili na robo, na kuamka kwenyewe ni kukaa kitandani macho yamefumba. Mabegi yafungwe, chaja ya simu itafutwe, ipatikane chini ya kitanda. Saa tatu na nusu mko nje ya hoteli, saa nne mko stesheni ya Sants. Mabegi yanapita kwenye mashine ya ukaguzi, maana treni hizi hupandi kama daladala. Treni inaondoka saa tano, inaingia stesheni ya Atocha, Madrid, saa saba na nusu. Mnakwenda hotelini, mnaambiwa chumba saa tisa, achieni mabegi hapa mapokezi. Kila mtu ana njaa na hakuna anayezungumza na mwenzake. Mkishakula na kurudi kuchukua ufunguo ni saa kumi alasiri, na swali la kwanza la kijana wako mbele ya mji wa Madrid ni nenosiri la Wi-Fi.

Hiyo ndiyo siku. Imekwisha. Na siku nne za kalenda si siku nne za kutembea: ya kufika ni nusu, ya kuondoka ni nusu nyingine. Mnabaki na mbili nzima. Ukihama mji mara mbili umezila zote mbili, na umelipa kwa kuzila.

Nasema hivi kwa ujasiri kwa sababu kosa hili nimelifanya mwenyewe, tena nikiwa tayari kwenye kazi hii. Nilimchukua mpwa wangu, miaka 15 wakati huo, miji mitatu kwa siku tano. Tuliporudi mama yake akamuuliza umependa nini. Akasema ile bustani ya stesheni. Kweli, ndani ya jengo la zamani la Atocha wamepanda bustani ya kitropiki, yenye miti ya jamii ya minazi. Mtoto ambaye babu yake ana shamba la minazi Kilwa nilimpeleka Ulaya akaone minazi akisubiri treni.

Kwa hiyo ninachowaambia wateja ni mji mmoja, chumba kile kile, na hamu ikizidi, safari moja ya kwenda na kurudi bila begi. Kutoka Madrid, Toledo ni kama nusu saa kwa treni. Kutoka Barcelona, Girona ni kama dakika 40. Kutoka Seville, Córdoba ni dakika 45. Kwenda bila begi ni jambo jingine kabisa: hakuna kurudisha ufunguo, hakuna mapokezi, na huyo wa miaka 16 akigoma, abaki alale. Hiyo ndiyo faida ya watoto wakubwa, na wazazi wengi hawaitumii.

Mimi mwenyewe napendelea Seville, na sifichi, ila si Julai wala Agosti, wakati joto linapita nyuzi 40 na mji mzima unajificha ndani. Oktoba au Februari ndiyo Seville. Mnara wa Giralda ulikuwa wa msikiti kabla ya kuwa wa kanisa, na ndani yake hakuna ngazi bali njia za mteremko, 35, zilizojengwa ili mwadhini aweze kupanda akiwa juu ya mnyama. Mwambie hilo mtoto wa miaka 13 halafu mwache akimbie mpaka juu. Wewe fuata taratibu. Córdoba ni safari ya siku moja: msikiti ulioanzishwa na Abd al-Rahman wa Kwanza katika miaka ya 780, nguzo 856, matao mekundu na meupe yanayojirudia mpaka jicho linachoka. Leo ni kanisa kuu, na Mwislamu haruhusiwi kuswali ndani. Wambieni watoto kabla hamjafika, wasije wakashtukizwa na mlinzi.

Dhana ya pili kwa kuniudhi ni "tiketi tutakata mlangoni." Mlangoni pa Alhambra, ile ngome yenye kasri za watawala Waislamu kule Granada, utakutana na mlinzi. Tiketi za huko zinakatwa wiki nyingi kabla, zina jina na namba ya pasipoti ya kila mmoja, hata mtoto anayeingia bure lazima awe na yake, na Kasri za Nasri zina saa yake iliyoandikwa kwenye tiketi. Ukichelewa, bustani utaziona, kasri huzioni. Kanisa la Sagrada Família kule Barcelona nalo linaingiwa kwa saa iliyopangwa na tiketi inanunuliwa kwenye intaneti. Jengo hilo lilianza 1882, msanifu Gaudí alilichukua mwaka uliofuata na akafa 1926 kwa kugongwa na tramu. Kwa hiyo walilisubiri zaidi ya karne, nawe unashindwa kukata tiketi wiki tatu mapema.

Na Alhambra ina thamani ya usumbufu wote huo, hasa kwa watoto wetu. Ukoo wa Nasri ulianza kutawala Granada katika miaka ya 1230 na ukakabidhi mji kwa malkia na mfalme wa Kikristo, Isabel na Fernando, tarehe 2 Januari 1492. Kuta zimechongwa maneno yale yale mamia ya mara: wa la ghaliba illa Allah, hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu. Niliwahi kusimama pale na familia ya mteja. Binti wa miaka 14, aliyeburutwa madrasa kila Jumamosi kwa machozi, akaanza kuyasoma ukutani kwa sauti. Kaka yake akaweka simu mfukoni, akaja kushindana naye. Mwongozaji wao wa kukodi alinyamaza, akawaachia.

Usafiri kama huu unahitaji michezo midogo ya namna hiyo, na mwingine ninaowapa ni wa maneno. Mesa ni meza, ambayo sisi tuliipata kwa Wareno. Azúcar ni sukari, aceituna ni zaituni, azafrán ni zafarani, na alcalde, meya wa mji, asili yake ni kadhi wetu. Kijana anayejidai hajui Kiswahili wala Kihispania anagundua anavijua vyote viwili kidogo kidogo.

Halafu kuna hili: "watoto watateseka, Wahispania wanakula usiku wa manane." Watakaoteseka ni nyinyi wazazi. Mwili wa kijana balehe unachelewa kulala na unachelewa kuamka, si ukaidi tu, na saa za Hispania zimekaa kama zilizotungwa kwa ajili yake. Chakula cha mchana ni saa nane, cha usiku kinaanza saa mbili na nusu au saa tatu. Sisi tunaohesabu saa kwa jua tunachanganyikiwa zaidi: Juni, Madrid, jua linazama saa nne kasorobo usiku! Sababu ni kwamba mwaka 1940 serikali ya dikteta Franco ilisogeza saa mbele ilingane na Berlin, na haikurudishwa tena, ingawa Madrid kwa ramani iko magharibi ya London.

Kinachoharibu siku ni mzazi anayetaka kuwalisha watoto saa kumi na mbili jioni. Jiko limefungwa, kilichobaki ni mkahawa wa watalii wenye picha za vyakula mlangoni, mnakula vibaya kwa bei kubwa halafu mnasema chakula cha Hispania hakina ladha. Fanyeni kama wenyewe: mlo mkubwa mchana, na jioni kitu cha kushikiza. Churro ni binamu wa kaimati, umenyooshwa na kuchovywa kwenye chokoleti nzito badala ya shira. Pale Madrid, San Ginés wanaupika tangu 1894.

"Watoto wakubwa hawapendi makumbusho." Hawapendi kuburuzwa makumbusho kwa saa tatu. Picha moja, nusu saa, tokeni. Guernica ya Picasso, ya 1937, iko makumbusho ya Reina Sofía kule Madrid, panapofungwa Jumanne. Makumbusho ya Prado, hapo hapo Madrid, walio chini ya miaka 18 hawalipi saa yoyote, kwa hiyo acheni kujipanga foleni ya ile jioni ya bure kwa ajili yao.

"Tutabanana chumba kimoja." Hambanani. Hoteli za kule zinahesabu vichwa, kila mgeni anaandikishwa, na mwenye zaidi ya miaka 14 anasaini karatasi yake mwenyewe. Hoteli nyingi zinamhesabu mtoto wa miaka 12 kama mtu mzima. Mtu wa tano hatapita mapokezi akisema amekuja kusalimia. Chukueni nyumba ya kupanga yenye leseni, au vyumba viwili vyenye mlango kati.

"Nina kibali cha kuishi Uingereza, viza ya nini?" Hii ningeiweka ya kwanza kama ingenikuta mara nyingi, maana hii inakuachisha ndege. Uingereza haimo Schengen, zile nchi za Ulaya zenye viza moja. Ukiwa na pasipoti ya Kenya au Tanzania, kibali chako cha hapa hakikuingizi Hispania. Unaomba viza, mapema kabisa miezi sita kabla, na mwisho siku 15 kabla ya safari. Mtu mzima euro 90, na mtoto akishatimiza miaka 12 analipa hizo hizo. Watoto wenye pasipoti ya Uingereza watapita, baba atabaki na koti lake uwanjani. Nimeyaona.

"Huko ni nguruwe tu." Nguruwe yupo, na anajificha: hata mboga na supu baridi vinanyunyiziwa vipande vya jamón, paja la nguruwe lililokaushwa. Sema sin cerdo (bila nguruwe) na sin jamón, yote mawili, kwa sababu kuna mhudumu ambaye kwake jamón si nguruwe, ni jamón. Lakini halali ipo tele mitaa ya Lavapiés kule Madrid na El Raval kule Barcelona, na Granada ina msikiti mpya tangu 2003 huko juu mtaa wa Albaicín, unaitazama Alhambra uso kwa uso.

Yule wa Jumanne alikubali. Seville siku nne, Córdoba bila begi. Nikamkatia tiketi, nikamshukuru Mungu. Jana usiku akanitumia ujumbe wenye picha ya ramani na kidole chake kimeingia pembeni: "Dada, na Lisbon? Naona ni hapo tu." Kutoka Seville kwenda Lisbon hakuna treni ya moja kwa moja. Sijamjibu bado.