India kwa kalamu ya Mwingereza: dhana potofu na ukweli wake

Mengi tunayoyajua kuhusu India ya karne ya 18 na 19 yamepitia kwenye kalamu za Waingereza: barua za makarani wa Kampuni ya India ya Mashariki, ripoti za watoza kodi, shajara za wake wa maofisa, vitabu vya historia vilivyochapwa London. Ni maandishi yenye thamani kubwa, ila karibu kila mwandishi alikuwa na mtu wa kumridhisha: mkurugenzi wa Kampuni, mbunge, mchapishaji, au mkubwa aliyekuwa anauliza kwa nini ngome imeanguka. Ukishajua alimwandikia nani, maandishi yaleyale huanza kukueleza hata yale ambayo mwenyewe hakukusudia kuyatoa.

Dhana: Jeshi la Uingereza liliivamia India na kuiteka

Iliyoiteka ni kampuni ya biashara, ile Kampuni ya India ya Mashariki. Ilipewa hati na Malkia Elizabeth wa Kwanza tarehe 31 Desemba 1600, na kwa zaidi ya miaka 100 iliishi India kwa ruhusa ya wenyeji wake. Ghala lake la Surat lilipata kibali cha Jahangir, mfalme wa Wamughal waliotawala sehemu kubwa ya India, mwaka 1613. Bombay ilikuwa ya Wareno. Waingereza waliipata kama mali aliyokwenda nayo Catherine, binti wa mfalme wa Ureno, alipoolewa na Charles wa Pili, na mwaka 1668 Charles akaikabidhi kwa Kampuni kwa kodi ya pauni 10 kwa mwaka.

Vita vya Plassey, tarehe 23 Juni 1757, ndivyo husimuliwa kama muujiza: Robert Clive na watu wapatao 3,000 wanamshinda Nawabu, yaani mtawala, wa jimbo la Bengal, mwenye jeshi la watu kama 50,000. Simulizi hiyo huacha mambo mawili. Kwanza, askari wengi wa Clive walikuwa Wahindi. Pili, Mir Jafar, mmoja wa makamanda wakubwa wa Nawabu, alikuwa amekwisha kuafikiana na Clive, na wenye mabenki wa nyumba ya Jagat Seth walikuwa ndani ya njama hiyo. Siku ya vita kikosi cha Mir Jafar kilisimama kando kikitazama. Akawekwa kuwa Nawabu, na Clive binafsi akapokea pauni 234,000.

Lakini kilichobadilisha mambo zaidi ya Plassey ni karatasi ya mwaka 1765. Baada ya kushindwa vitani Buxar mwaka uliotangulia, Mfalme Shah Alam wa Pili wa Wamughal aliipa Kampuni udiwani wa Bengal, Bihar na Orissa, yaani haki ya kukusanya kodi, kwa ahadi ya kulipwa laki 26 za rupia kila mwaka. (Neno hilo lina shina moja na diwani letu, ila kule lilihusu hazina.) Kabla ya hapo meli za Kampuni zilibeba fedha kutoka Ulaya kununulia vitambaa vya pamba na hariri. Baada ya hapo, kodi ya mkulima wa Bengal ndiyo iliyonunua kazi ya mfumaji wa Bengal, na shehena ikasafiri kwenda London. Anayetaka kuelewa utajiri ulivyohama asome madaftari ya kodi kabla ya simulizi za vita.

Dhana: Nawabu aliwaua Waingereza 123 kwa kuwafungia katika "Shimo Jeusi" la Calcutta

Usiku wa tarehe 20 Juni 1756, baada ya Nawabu Siraj ud-Daulah kuiteka ngome ya Calcutta, wafungwa walisongamanishwa katika chumba kidogo cha mahabusu na wengi wakafa kwa joto na kukosa hewa. Hilo lilitokea. Hesabu ya watu 146 walioingia na 123 waliokufa ni ya mtu mmoja, John Zephaniah Holwell. Gavana alikuwa amekimbilia melini, na Holwell ndiye aliyebaki kuongoza ngome iliyoanguka. Aliandika simulizi yake mwaka 1757 akiwa safarini kurudi Uingereza, ikachapwa mwaka 1758.

Pima mwenyewe. Chumba kinatajwa kuwa na futi 18 kwa takriban 15, yaani karibu mita 5.5 kwa 4.5, eneo la mita za mraba 25 hivi. Watu 146 humo ni karibu 6 kwa kila mita ya mraba, wakati simulizi ya Holwell ina watu wanaosogea, wanaopasiana maji kwa kofia, wanaolala chini na kuinuka tena. Mwaka 1959 mwanahistoria Brijen Gupta alikadiria kuwa walioingia walikuwa 64 na waliotoka hai 21. Bado ni msiba mkubwa, kwa hiyo wanaosema tukio zima lilitungwa nao wanakosea.

Ajabu zaidi ni kwamba Holwell mwenyewe hakumtupia Nawabu lawama ya kuua kwa makusudi. Aliandika kuwa amri ilikuwa tu wafungwa walindwe hadi asubuhi, na kwamba chumba kilichaguliwa na walinzi wa chini. Vitabu vya shule vya Uingereza vya baadaye viliibeba hesabu yake na kuiacha sentensi hiyo. Curzon, akiwa mwakilishi wa mfalme nchini India, alisimamisha mnara mpya wa kumbukumbu mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1940, baada ya kampeni ya Subhas Chandra Bose, ukahamishiwa kwenye uwanja wa kanisa la St John's.

Dhana: Njaa ya Bengal ya mwaka 1770 ilikuwa ukame tu

Mvua zilikosekana, kweli. Hapa shahidi bora dhidi ya Kampuni ni mkuu wa Kampuni. Katika barua ya tarehe 3 Novemba 1772, Warren Hastings, gavana wa Kampuni huko Bengal, aliwaandikia wakurugenzi kwamba angalau theluthi moja ya wakazi wa jimbo walikuwa wamepotea, na papo hapo akawaarifu kuwa makusanyo ya kodi ya mwaka 1771 yalizidi yale ya 1768, mwaka wa kabla ya njaa. Alieleza hata njia iliyotumika. Kulikuwa na tozo iliyoitwa najay: waliobaki hai kijijini walilipishwa pengo la kodi ya majirani waliokufa au kukimbia. Kijiji kilichopoteza watu wengi zaidi ndicho kilichotozwa zaidi kwa kila kichwa. Hastings aliandika hayo kujieleza kwa nini mapato hayakuanguka, na ndiyo maana barua hiyo ina uzito.

Dhana: Wajane wa Kihindu walikuwa wakichomwa kila mahali, na Waingereza wakaja wakakomesha

Sati, yaani mjane kuchomwa pamoja na maiti ya mumewe, ilikuwepo, na kwa kila mwanamke aliyeipitia ilikuwa ukatili usioelezeka. Kinachopotoshwa ni ukubwa wake na nani alifanya nini. Rejesta za serikali ya Bengal zilihesabu 8,134 kati ya mwaka 1815 na 1828, katika eneo lenye makumi ya mamilioni ya watu. Zaidi ya nusu zilitoka wilaya zilizoizunguka Calcutta, makao makuu ya Kampuni yenyewe nchini India.

Serikali haikuanza kwa kupiga marufuku. Miongozo ya mwaka 1813 iligawanya sati kuwa halali na haramu kwa ushauri wa wanazuoni wa Kihindu walioajiriwa mahakamani: mjane akiwa mtu mzima, hana mimba, hakuleweshwa wala kulazimishwa, polisi walihudhuria na kuacha iendelee. Idadi ilipanda kutoka 378 mwaka 1815 hadi 839 mwaka 1818. Tahadhari hapa: miaka ile kulikuwa na mlipuko mkubwa wa kipindupindu ulioongeza wajane, na uandikishaji ulikuwa unaboreka, kwa hiyo si haki kudai kuwa ongezeko lote lilitokana na kibali cha serikali. Lakini watu waliona ofisa wa dola amesimama pale bila kuzuia, na wapinzani wa sati wakati huohuo walilalamika kwamba hilo lilisomeka kama baraka.

Wapinzani hao walikuwemo Wahindi. Ram Mohan Roy alichapisha hoja zake dhidi ya sati mwaka 1818, akitumia maandiko ya Kihindu yenyewe. Gavana Mkuu William Bentinck aliipiga marufuku tarehe 4 Desemba 1829. Wahafidhina walipokata rufaa London, Ram Mohan Roy alikuwa kule akiitetea sheria. Rufaa ilitupwa mwaka 1832. Simulizi inayombakiza Bentinck peke yake jukwaani inamfuta mtu aliyebeba hatari kubwa zaidi mbele ya jamii yake.

Dhana: Macaulay aliliambia Bunge kwamba amezunguka India yote bila kuona ombaomba wala mwizi

Hii inatuhusu moja kwa moja, kwa sababu nukuu hiyohiyo husambazwa kwenye simu zetu na neno "India" likiwa limebadilishwa kuwa "Afrika". Huambatanishwa na tarehe 2 Februari 1835 na Bunge la Uingereza. Ni ya kughushi, na kuithibitisha ni rahisi. Thomas Macaulay, mwanasiasa wa Kiingereza aliyetumwa kuwa mjumbe wa baraza la Gavana Mkuu, alifika India Juni 1834 na hakuondoka hadi 1838, kwa hiyo siku hiyo alikuwa Calcutta. Bunge nalo lilikuwa limevunjwa kwa uchaguzi, likakutana tena tarehe 19 Februari.

Tarehe yenyewe ni ya kweli, na ndiyo inayoupa uongo huu nguvu. Siku hiyo Macaulay aliandika waraka wa serikali kuhusu elimu. Humo alidai kwamba rafu moja ya maktaba nzuri ya Ulaya ina thamani sawa na fasihi yote ya India na Uarabuni, huku akikiri kuwa hajui Kisanskriti wala Kiarabu. Akapendekeza kuundwa tabaka la watu walio Wahindi kwa damu na rangi, Waingereza kwa ladha, maoni, maadili na akili. Maneno hayo yapo kwenye kumbukumbu na ni makali kuliko ya kughushi. Anayesambaza nukuu ya uongo anamsaidia Macaulay, kwa sababu ikishakanushwa watu hudhani na ule waraka halisi ni uzushi.

James Mill alikuwa amemtangulia kwa mtindo huo. Historia yake ya India ya mwaka 1817 iliandikwa na mtu ambaye hakuwahi kukanyaga India wala kujua lugha yake yoyote, na katika utangulizi alisema hilo lilimsaidia kuona sawasawa. Kitabu hicho kilifundishia maofisa waliotumwa kutawala.

Dhana: Matabaka ya Kihindi hayajawahi kubadilika, au, kinyume chake, yaliundwa na Waingereza

Yote mawili ni makosa. Migawanyo ya jati, vikundi vya kuzaliwa vinavyooana wenyewe kwa wenyewe, ni ya kale, na kubaguliwa kwa walioitwa najisi kulikuwepo kabla ya meli ya kwanza kutoka London. Walicholeta Waingereza ni fomu. Katika sensa ya mwaka 1901, msimamizi wake Herbert Risley aliagiza jati zipangwe kwa daraja za heshima. Jambo lililokuwa likibishaniwa kijiji kwa kijiji likapata safu rasmi kwenye jedwali, na vikundi vikaanza kuandika maombi ya kupandishwa. Kwa sensa ya mwaka 1911, ofisa wa Bengal aliripoti kuwa maombi hayo pekee yalikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 50.

Hatari zaidi ilikuwa sheria ya mwaka 1871 iliyotangaza jamii nzima kuwa "makabila ya wahalifu". Mtu alizaliwa mshukiwa, akaandikishwa polisi na kuhitaji kibali cha kusafiri.

Dhana: Uasi wa askari Wahindi wa Kampuni mwaka 1857 ulitokana na mafuta ya risasi tu

Risasi mpya za bunduki ya Enfield zilifungwa kwa karatasi iliyopakwa mafuta, na askari aliing'ata kabla ya kumimina baruti. Uvumi wa mafuta ya ng'ombe na nguruwe uliwaumiza Wahindu na Waislamu kwa pamoja. Serikali iliruhusu askari wapake mafuta yao wenyewe na kuchana kwa mkono, lakini imani ilikuwa imekwisha. Awadh, ufalme uliokuwa nyumbani kwa askari wengi wa jeshi la Bengal, ilikuwa imenyakuliwa na Kampuni Februari 1856, na mwaka huohuo waajiriwa wapya walilazimishwa kukubali kutumwa ng'ambo. Tarehe 9 Mei 1857 askari 85 walitiwa pingu hadharani Meerut; kesho yake mji ukalipuka.

Kule Kanpur wanawake na watoto wapatao 200 waliuawa mwezi Julai, na hakuna sababu ya kulificha hilo. Magazeti ya London yaliongeza hadithi za ubakaji wa halaiki. William Muir, aliyesimamia ujasusi Agra, alikusanya ushahidi mwaka huohuo na hakupata wa kuzithibitisha. Wakati huo vijiji vilikuwa vimekwisha kuchomwa kwa kisasi.

Dhana: Hayo ni ya India, kwetu hayakufika

Rupia ilikuwa fedha ya Afrika Mashariki ya Uingereza hadi mwaka 1920. Reli ya Uganda ilijengwa na vibarua zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka India, na takriban 2,500 walifia kazini. Rasimu ya sheria ya jinai ya India iliandaliwa Calcutta na tume iliyoongozwa na Macaulay huyohuyo, ikapitishwa mwaka 1860, na ikatumika Kenya hadi mwaka 1930. Aliyefikishwa mbele ya hakimu wa Kiingereza Mombasa mwaka 1910 kwa wizi wa kawaida alishtakiwa kwa kifungu cha 379 cha sheria hiyo.