“Polio ni ya nchi zenye vita”: dhana inayonichosha kuliko zote

Wiki iliyopita nimeambiwa tena, mara mbili kwa siku moja. Asubuhi kliniki aliniambia mama wa mtoto wa miezi minne aliyeruka matone ya polio ya wiki ya 10 na ya 14. Jioni, ndani ya daladala ya Kizota, akanirudia mzee mmoja: “Nesi, polio si iko huko wanakopigana? Sisi Dodoma tuna amani, mnatusumbua bure.”

Hakuna kauli inayonikera kama hiyo, kwa sababu nusu yake ni kweli. Polio ya asili, yaani isiyotokana na kirusi cha chanjo, imebaki kuwa ya kudumu Afghanistan na Pakistan tu, na mapigano yana mchango mkubwa katika hilo. Nusu ya pili, ile ya “kwa hiyo haituhusu”, ndiyo inayopoteza miguu ya watoto.

Mwaka 2021 dunia nzima ilikuwa na wagonjwa 6 tu waliopoozeshwa na polio ya asili. Wanne walikuwa Afghanistan, mmoja Pakistan. Wa sita alikuwa mtoto wa kike wa miaka mitatu, Lilongwe. Malawi hakuna vita. Maabara zilipochunguza vinasaba vya kirusi chake, zikakuta asili yake ni jimbo la Sindh, Pakistan. Mwaka uliofuata Msumbiji nayo ikapata watoto 8, katika mkoa wa Tete, mbali kabisa na mapigano ya Cabo Delgado, kaskazini mwa nchi hiyo. Ndiyo maana 2022 tulipita nyumba kwa nyumba, tukianza na mikoa inayopakana na Malawi, kisha nchi nzima. Hatukuwa tunajitafutia kazi.

Kirusi kilisafirije? Tumboni mwa watu wanaoonekana wenye afya njema. Kati ya watu 200 wanaoambukizwa, anayepooza ni mmoja hivi. Wengine wanapata homa ndogo au hawasikii chochote, huku wakitoa virusi kwenye choo kwa wiki kadhaa. Sasa tazama mkoa wetu. Malori ya Rwanda, Burundi na Kongo yanapita hapa usiku na mchana. Soko la Kibaigwa linapokea wanunuzi wa mahindi kutoka nje ya nchi. Wafugaji wanahama na familia zao kufuata malisho. Hakuna kizuizi cha barabarani kinachokagua utumbo wa mtu.

Vita vinachofanya ni kumnyima mtoto matone. Umeme unakatika, chanjo inaharibika, majitaka yanamwagika mitaani, wachanjaji wanazuiwa au wanauawa. Gaza kabla ya vita karibu kila mtoto alikuwa akichanjwa. Julai 2024 kirusi kikapatikana kwenye majitaka, na Agosti ikathibitishwa kwamba mtoto wa miezi 10 amepoozeshwa na polio, wa kwanza huko baada ya miaka 25. Alizaliwa vita vinaanza na hakuwa amepata hata dozi moja. Mtoto wa Kizota ambaye hajachanjwa kwa sababu mama yake alikwenda kuvuna, machoni pa kirusi hana tofauti naye.

Kuna wanaosema penye vita haiwezekani kuchanja. Inawezekana. El Salvador mwaka 1985 serikali na waasi walisimamisha mapigano ili watoto wachanjwe. Gaza, Septemba 2024, mapigano yalisitishwa kwa saa maalumu, eneo baada ya eneo, na zaidi ya watoto 500,000 wa chini ya miaka 10 wakapata matone katika mzunguko wa kwanza. Kina mama wale walipita kwenye vifusi wakiwa na watoto mgongoni. Halafu hapa mtu ananiambia aligeuza kwa sababu foleni ilikuwa ndefu.

“Chanjo yenyewe ndiyo inaleta polio.” Hili nalijibu kwa utulivu, maana anayeuliza anastahili ukweli wote. Matone yana kirusi kilichodhoofishwa. Penye watoto wengi wasiochanjwa, kirusi hicho kinaweza kuzunguka kwa muda mrefu, kikabadilika na kurudisha ukali wake. Cha Gaza kilikuwa cha namna hiyo, na kilichoonekana kwetu Rukwa mwaka 2023 pia. Kinachokipa nafasi ni mwanya tunaouacha sisi. Penye watoto wengi waliochanjwa, hakifiki mbali.

“Inafunga uzazi.” Hapana. Mwaka 2003 Kano, Nigeria, chanjo ilisimamishwa kwa uvumi kama huu, na virusi vikasambaa katika nchi nyingi zilizokuwa zimeshamaliza polio, hadi Indonesia. Wale tuliowapa matone miaka ya 90 ndio wanaoniletea watoto wao kliniki leo.

“Alishapata, kwa nini tena?” Kwa sababu dozi moja haitoshi. Kuna ya kuzaliwa, ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14, pamoja na sindano ya polio. Kampeni ikija, ni nyongeza, na tone la ziada halimdhuru mtoto. Kadi ya kliniki ipige picha kwenye simu, naomba sana. Zinaliwa na panya, zinalowa mvua, kisha mnabaki kunikadiria.

La mwisho ni lile linalosemwa mtoto akilegea mguu: “kapigwa na baridi, atakandwa atapona.” Mtoto yeyote wa chini ya miaka 15 akilegea mkono au mguu ghafla, huenda ni polio; mlete zahanati siku hiyohiyo, au mwambie mhudumu wa afya wa kijiji. Tunahitaji sampuli mbili za choo, zikiachana kwa saa 24 au zaidi, ndani ya siku 14 tangu mguu ulegee. Kuna kijana mmoja wa darasa la kwanza niliyeitiwa nikafika siku ya 23. Bibi yake alikuwa amemkanda kwa mafuta kila jioni, kwa upendo wote. Sampuli tulichukua, lakini muda wa kupata jibu la uhakika ulikuwa umeshapita.